Karatasi ya Tatu

1

Bi Yulita Tweve alikuja karakana siku ya tisa baada ya kumzika mumewe, na alichotaka ni kisanduku kingine cha simu kama kile kilichoungua. Alivaa sweta la marehemu juu ya vitenge viwili, maana Ikovelo mwezi wa saba si mahali pa kuringia nguo nyepesi. Akavuta kigoda mwenyewe, akaketi.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Usisimame, endelea na kazi yako."

Sekela Chaula hakuwa na kazi yoyote mikononi. Alikuwa fundi wa kusuka transfoma za simu, wa pekee aliyebaki katika milima ile, na kwa siku zote hizo tisa alikuwa akifungua karakana asubuhi, akiketi mbele ya mashine ya kusukia na kuukodolea macho waya wa shaba mpaka jua linapinduka.

"Poleni tena, Mama," alisema.

"Tumeshapoa. Sasa nisikilize. Ofisi ya Laini wameniletea kisanduku chao, nimewarudishia. Vile vyao unaongea na mtu kama unaongea na gunia la viazi. Mimi nataka chako, chenye uzi wa zambarau."

Kila fundi wa transfoma alikuwa na uzi wake. Akimaliza kusuka, alifunga ncha ya waya wa mwisho kwa uzi wa rangi aliyoichagua siku alipohitimu, na uzi ule uliachwa uning'inie kidogo nje ya kisanduku, ili kikiharibika ijulikane kinarudishwa kwa nani. Rangi ya Sekela ilikuwa zambarau. Watu walitoka mabonde ya mbali kuja kuuliza uzi huo, na mpaka mwezi uliopita jambo hilo lilimvimbisha kichwa kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Nitakutafutia," alisema, akainuka upesi ili apate kumpa mama yule mgongo.

"Unajua nilikuwa Njombe, kwa binti yangu," Bi Yulita aliendelea. "Kila saa tisa mchana namwita Mwalimu. Siku ile namweleza habari za mjukuu, naye ananiitikia kama kawaida yake. Mh. Mh. Nikamwambia, mtoto ameota jino. Akasema mh, ile ya kucheka, wewe si unamjua Mwalimu? Basi. Pakawa kimya." Akazikunjua pindo za kitenge. "Wenzangu wanaofiwa na waume wakiwa mbali hawapati hata hicho. Mimi nimeipata mh yake ya mwisho, safi kabisa, kwa sababu ya mikono yako. Nimekuja kukushukuru pia."

Sekela alitamani ardhi ipasuke immeze. Alisimama mbele ya rafu, mikono juu ya visanduku viwili. Cha kushoto kilikuwa chake, cha aina ileile iliyomuua Mwalimu Tweve. Cha kulia alikisuka kwa ajili ya Ofisi, kwa kufuata sheria tangu mwanzo hadi mwisho. Akachukua cha kulia. Akakata uzi wa zambarau, akaufunga kwenye ncha ya waya, akarudia fundo mara mbili.

Bi Yulita hakuwa mtu wa kupokea kitu bila kukijaribu. Wakakiunganisha na laini ya karakana, akabandika kibati cha kusikilizia nyuma ya sikio, akazungumza na dada wa swichibodi anayeunganisha laini. Punde uso wake ukakunjamana.

"Mbona kama amejifunika blanketi?"

"Ni kipya, Mama. Kitalainika kikizoea."

"Haya. Wewe ndiye fundi." Akakifunga kwenye kanga, akakipakata kifuani kama mtoto, akaaga. Sekela alimsindikiza mpaka barabarani, kwa heshima zote, kisha akarudi ndani akalia huku amefunga mlango.

2

Ulikuwa mwaka wa ishirini na sita tangu jua lianze kelele. Simu za mkononi zilikufa mwezi wa kwanza tu, redio zikafuata, na watu wakarudi kwenye kile ambacho babu zao walikuwa wamekiacha kikining'inia kwenye nguzo, yaani waya wa shaba. Waya haukuzibwa na kelele za jua. Lakini ulikuwa na ubaya wake. Ukiutandaza juu ya milima kwa maili mia, hukusanya nguvu za jua kama paa la bati linavyokusanya mvua, na siku za kelele nguvu hizo hutafuta pa kushukia.

Kilichowalinda watu ni transfoma iliyokuwa ndani ya kisanduku cha ukutani. Ni koili mbili, yaani mizunguko ya waya, zilizosukwa juu ya chuma kimoja bila kugusana. Koili ya nje hupokea laini, ya ndani hupeleka sauti kwenye kibati kinachobandikwa kwenye fupa la nyuma ya sikio. Sauti hubadilika kuwa sumaku, huvuka, hugeuka kuwa sauti tena. Nguvu za jua, zikiwa nzito na za taratibu, haziwezi kuvuka hivyo, kwa hiyo hubaki nje zikisukuma ukuta. Na ukuta wenyewe ni karatasi ya mafuta tu. Sheria ilitaka karatasi tatu, ya kwanza, ya pili na ya tatu, zikizungushwa kati ya koili na koili. Kati ya jua na kichwa cha mtu hapakuwa na kingine.

Sekela alikuwa ameiondoa ya tatu.

Hakufanya hivyo kwa uvivu wala kwa kuiba karatasi. Alifanya kwa sababu ya mh. Karatasi tatu huziweka koili mbalimbali, na sauti nyepesi hupotelea njiani. Maneno hufika, lakini pumzi haifiki, wala kicheko cha puani, wala ile mh ya mtu anayesikiliza. Labda kuna nchi ambako hilo si tatizo. Ikovelo ni tatizo kubwa. Mtu wa Ikovelo akieleza jambo, asipoitikiwa kila baada ya maneno manne hudhani amedharauliwa. Simu zote zilikuwa zimejaa "Uko? Unanisikia? Nimekuudhi?" Kuna mama aliyemnunia mwanawe mwaka mzima kwa sababu hakumsikia akiitikia, na kumbe mwana alikuwa akiitikia mpaka koo likamkauka.

Mwalimu Aidan Tweve ndiye aliyemjia na shida hiyo mwanzoni. Mke wake alikuwa anakwenda kukaa Njombe kwa binti aliyejifungua, na mzee hakutaka kuzungumza na kisima. "Sekela," alimwambia, "wewe una akili. Nifanyie nimsikie hata akipumua." Naye akafikiri siku tatu, akatoa karatasi moja, akaongeza waya kujaza nafasi, na kisanduku kikapita vipimo vyote vya Ofisi, kwa kuwa vipimo vile ni vya kelele za kawaida. Mwalimu alipokijaribu aliangua kicheko kama mtoto. Siku iliyofuata walikuja watu wanane.

Visanduku vya namna hiyo alivisuka sitini na vitatu, na kimoja kilikuwa bado rafuni. Cha Mwalimu kiliungua mpaka kikawa kaa, na mkaguzi aliyetoka mkoani hakuweza kusoma chochote ndani yake. Cha pili kilikuwa ukutani kwake mwenyewe. Jioni ya siku ya kifo alikishusha, akakwangua vanishi, akaukunjua waya mpaka akazifikia karatasi. Zote mbili zilikuwa na kitundu kimoja, kidogo kama cha sindano, chenye kingo za kahawia. Alikiangalia kitundu kile kwa muda mrefu. Kama angekuwa amebandika kibati sikioni saa ile, yeye ndiye angezikwa.

Vilibaki sitini katika nyumba za watu. Alijiambia atavisuka upya kimyakimya, kimoja kwa siku mbili, na ataingia nyumba kwa nyumba akisema ni ukaguzi. Miezi minne. Jua lilikuwa limetulia. Kuvitoa vyote kwa mpigo kungeziacha nyumba sitini bila simu mpaka mwisho wa mwaka, na daktari yuko ng'ambo ya bonde, na kuna wanawake wawili wenye mimba kubwa upande wa Kilanji peke yake. Sababu zake zilikuwa nzuri sana. Aliziorodhesha kila asubuhi, na kila asubuhi alijua kuwa iliyo chini ya zote ni moja tu. Alikuwa anaogopa.

3

Jumatano adhuhuri Ofisi ilipiga mwito wa wote. Jua litapiga kelele kubwa Ijumaa mchana, walitangaza, mara tatu ya zile za mwezi uliopita. Wananchi wasiwe na wasiwasi, visanduku vyao vina karatasi tatu.

Sekela alitoka karakana bila kufunga mlango. Hakujua anakwenda wapi, na miguu ikampeleka nyumbani kwa Mwalimu, ambako alimkuta Lugano Mahenge amepiga magoti kando ya nguzo, akimwagia maji chuma cha kutulizia umeme.

Mzee Lugano alikuwa fundi wa laini kwa miaka ishirini na mitano. Chuma kile hupigiliwa ardhini chini ya kila nguzo ya nyumba ili kuzipa nguvu za jua njia ya kutokea, na kiangazi ardhi ikikauka njia huziba, kwa hiyo kila wiki lazima mtu apite na ndoo. Mtu huyo alikuwa yeye. Na kwa kuwa chuma cha kwa Mwalimu kilikutwa kikavu siku ya msiba, jina lake ndilo lililoandikwa kwenye barua ya mkaguzi.

"Unamwagia leo, Mzee Lugano?" Sekela aliuliza, ili tu aseme kitu.

"Namwagia. Haimsaidii Mwalimu, lakini namwagia." Aliinamisha ndoo mpaka ikaisha. "Jumanne ile nilikwenda kuzika kwa shemeji yangu. Nilipita hapa nikiwa na haraka. Nimejiuliza, nilimwagia au sikumwagia? Mwanzo nilikuwa sikumbuki. Sasa nakumbuka. Nilipita hivi hivi. Ndoo iko begani, nami napita. Naiona kabisa."

"Labda unajidhania tu."

"Naiona, Sekela. Mpaka mbwa wa Mwalimu namwona amelala pale." Akajifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa amekonda, na ndevu zake zilikuwa hazijanyolewa tangu matanga. "Kesho kwenye kikao cha mkaguzi nitasema ndiyo. Nitawasaidia wasihangaike. Na wewe wasikuguse. Yule mkaguzi alitaka kuuliza habari za kisanduku, nikamwambia mtoto wa Chaula nimemfundisha mimi kushika waya, kazi yake ni safi."

Maneno yalikuwa yamemfika Sekela kwenye ulimi. Aliyasikia kabisa yakisubiri.

"Mzee Lugano..."

"Mh?"

Aliitikia vizuri, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu mwenye siku nzima ya kusikiliza. Sekela akaangalia magoti yake.

"Suruali yako imelowa," alisema.

"Itakauka."

Aliondoka pale akijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Kifo cha Mwalimu kilikuwa kosa, na kosa mtu anaweza kulibeba akazeeka nalo. Lakini hili la kumwangalia mzee akitengeneza kumbukumbu ya dhambi isiyo yake, mpaka na mbwa ndani yake, hilo alilifanya akiwa macho.

4

Kikao kilifanyika Alhamisi asubuhi katika chumba cha mbele cha Ofisi ya Laini, na kupitia mlango ulio wazi mtu aliweza kuiona swichibodi na taa zake ndogo. Mkaguzi Nyagawa alikuwa ametoka mkoani, mtu mpole mwenye mafua, aliyesoma taarifa yake huku akipenga. Alipofika mahali pa chuma kikavu akamtazama Lugano.

"Mzee, ulimwagia au hukumwagia?"

Lugano alisimama, kofia mkononi. "Sikumwagia, mheshimiwa. Nilipita..."

"Si yeye," Sekela alisema.

Alikuwa na mfuko wa kitambaa mapajani. Akautoa ndani yake ule msokoto wa waya na chuma uliokuwa ukutani kwake, akauweka mezani juu ya taarifa ya mkaguzi. Akazifungua karatasi mbele yao moja baada ya nyingine, akazinyoosha kwa kiganja.

"Hesabuni," alisema.

Nyagawa alihesabu, haikumchukua muda. Akainua karatasi ya pili kuelekea dirishani, na nuru ikapita kwenye kitundu.

"Ya tatu iko wapi?"

"Sikuiweka. Cha Mwalimu pia sikuiweka. Chuma kingekuwa kikavu au kimelowa, karatasi tatu zingemlinda. Viko vingine sitini kwenye nyumba za watu, na kesho kelele zikija zitavipasua vyote. Hata asiyebandika kibati, moto utashika mbao za ukuta."

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu jioni ileile."

Lugano alikuwa bado amesimama. Alimwangalia Sekela kwa mshangao tu, bila hasira, na hasira ingekuwa nafuu.

"Lakini nilikuwa namkumbuka mpaka mbwa," alisema polepole, kisha akaketi, akafunika uso kwa kofia. Mabega yake yakaanza kutikisika.

Nyagawa alitaka kuandika mkoani kuomba amri ya kuzima laini. Sekela akamwambia amri itafika Jumamosi. Akamwambia yeye anazijua namba zote sitini, na kwamba mwito wa wote unaweza kupigwa sasa hivi. Mkaguzi alipenga tena, akafikiri, akaitazama ile karatasi yenye kitundu.

"Basi utasema mwenyewe," aliamua. "Mimi sitasema kwa niaba yako."

Dada wa swichibodi alimpisha kiti bila kumwangalia. Sekela akasoma namba kutoka kwenye daftari lake, na dada yule akachomeka plagi moja moja, na taa zikawaka moja moja kadiri watu walivyobandika vibati. Zilipofika sitini Sekela akasema, "Na namba arobaini na nane."

"Hiyo ni ya Bi Yulita."

"Ndiyo. Muunganishe."

Taa ya arobaini na nane ikawaka. Sekela akabandika kibati nyuma ya sikio, na pale pale akawasikia. Sitini kwa pamoja, wakipumua. Alisikia kikohozi, alisikia mtu akimeza chai, alisikia mama akimtuliza mtoto kwa kumpigapiga mgongoni. Mambo yote ambayo kisanduku cha Ofisi kingeyameza yalikuwa yamemfikia, mazuri kama alivyoyakusudia.

"Kamwene," alisema. "Ni mimi Sekela Chaula, fundi."

Mh, waliitikia, wengi kwa pamoja.

"Visanduku vyenu vyenye uzi wa zambarau si salama. Nilitoa karatasi moja ili msikilizane vizuri. Kisanduku cha namna hiyo ndicho kilichomuua Mwalimu Tweve. Si Mzee Lugano, yeye hana kosa hata chembe."

Safari hii hawakuitikia.

"Nikimaliza kusema, kila mmoja aweke kibati chini, achomoe waya, akitoe kisanduku nje ya nyumba. Msikiguse tena. Mtakaa bila simu mpaka nitakapovisuka upya, kama nitaruhusiwa kuvisuka. Mwenye mgonjwa au mwenye mimba aje Ofisini leo, mtapangiwa pa kulala karibu na laini. Nawaomba radhi. Sijui niseme nini kingine."

Alisubiri. Aliisikia pumzi ya kila mmoja wao, na katika sitini wale hakuna aliyempa hata mh moja. Kisha taa zikaanza kuzimika. Nyingine zilizimika kwa haraka, kibati kimebwagwa, nyingine taratibu, na kila iliyozimika iliondoka na sehemu ya pumzi, mpaka chumba kikabaki na taa moja tu, ya arobaini na nane.

Kulikuwa na jambo moja lililosalia, na halikuwa na njia ya kusemwa kwa upole.

"Mama," Sekela alisema, "chako usikichomoe. Chako kina karatasi tatu."

Akajua kuwa Bi Yulita amekwisha elewa. Mtu hampi mjane kisanduku chenye karatasi tatu, akamfungia na uzi wa zambarau kumlaghai, ila awe anajua tayari kilichomuua mumewe. Siku ile mama yule alikuwa ameketi kwenye kigoda akimshukuru, na Sekela alikuwa amemsindikiza mpaka barabarani.

"Nilijua, Mama. Ulipokuja nilikuwa najua. Nisamehe."

Akakandamiza kibati kwenye fupa mpaka kikamuuma. Hapakusikika kitu. Huenda Bi Yulita alikuwa akilia kimyakimya, huenda alikuwa amekiacha kibati kwenye meza akatoka uani. Na huenda aliitikia, mh moja ndogo, ya mtu aliyesikia. Kisanduku kile kilisukwa kwa kufuata sheria, na mh haipiti humo. Sekela ndiye aliyekisuka, alijua.

Dada wa swichibodi alimwuliza kwa ishara kama akate laini. Sekela akatikisa kichwa. Akabaki ameketi vile, akisikiliza, na taa ikaendelea kuwaka kwa muda mrefu kabla ya kuzimika.